Johannes Rebmann, Aliyeona Theluji Kisha Akawa Kipofu

Kila mtoto wa Bariadi ajua ya kuwa mto Simiyu hupeleka maji yake katika ziwa kubwa la Nyanza. Lakini zamani watu wa Ulaya hawakuwa na habari za hakika za ziwa hilo, na katika ramani zao mahali pa nchi yetu palikuwa peupe. Mmoja katika wale waliowafanya walitafute alikuwa mmisionari ambaye mwenyewe hakufika Usukuma hata siku moja, ijapokuwa alitamani sana kufika upande huu. Jina lake Johannes Rebmann. Habari zake zatuonyesha jinsi mtu wa imani awezavyo kuishi na ugonjwa usiopona.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, katika nchi ya Württemberg, Ujerumani. Alisomea kazi ya umisionari katika mji wa Basel, Uswisi, kisha chama cha CMS cha Uingereza kikampeleka Afrika. Tarehe 10 Juni 1846 alishuka Mombasa, akapokewa na Ludwig Krapf, ambaye mke wake na mtoto wake walikuwa wamezikwa huko miaka miwili kabla yake. Mwezi wa Agosti wote wawili walikwenda kukaa Rabai, juu ya vilima vilivyo nyuma ya Mombasa. Siku hiyo walikuwa na homa, na punda wao alikuwa mmoja tu. Basi walipanda kwa zamu, huyu akipanda na huyu akitembea, hata wakafika. Hivyo Rebmann alianza kazi yake hali mgonjwa, na ugonjwa ulikuwa jirani yake tangu siku hizo.

Mwaka 1848 alifunga safari kwenda Uchaga, na kiongozi wake alikuwa Mwislamu mmoja, jina lake Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei, asubuhi, aliona kilele cha mlima mbele yake kinang'aa weupe. Kwanza alidhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi, naye akamjibu ya kuwa weupe ule ni baridi tu. Rebmann akafahamu ya kuwa ni theluji, maana kwao theluji ilikuwa jambo la kila mwaka. Baadaye kidogo aliketi chini ya mti kupumzika, akafungua Biblia mahali alipofikia katika kusoma kwake. Ilikuwa Zaburi ya 111, isifuyo matendo ya Mungu. Akaisoma pale pale, na Kilimanjaro ki mbele ya macho yake.

Habari hizo zilipofika Ulaya, wengi walizikataa. Mtaalamu mmoja wa London aitwaye Cooley, ambaye hakupata kuiona nchi hii, alikana kabisa kwamba theluji yaweza kuwako karibu na ikweta. Hivyo macho ya Rebmann yalihesabiwa kuwa macho ya mtu aliyedanganyika. Ilipita miaka mingi, hata von der Decken alipoupanda mlima katika miaka ya 1861 na 1862, ndipo watu walipojua ya kuwa Rebmann alisema kweli.

Mwezi wa Aprili mwaka 1849 Rebmann alisafiri tena, naye alitaka kupita Uchaga mpaka Unyamwezi. Lakini Mamkinga, mfalme wa Machame, alimwomba zawadi moja baada ya moja, hata mali yote ya safari ikaisha. Rebmann akalia machozi. Hakulilia nguo na shanga, bali alilia kwa sababu vitu hivyo vilitolewa na Wakristo wa kwao ili Neno la Mungu lifike mbali, na sasa njia imefungwa. Akarudi pwani katika mvua, mgonjwa, bila kufika alikotaka.

Ijapokuwa miguu yake ilizuiwa, masikio yake yalikuwa wazi. Yeye na mwenzake Jakob Erhardt waliwauliza wasafiri wa misafara waliotoka bara, wakaandika waliyoyasikia, wakachora ramani. Ramani hiyo ilijulikana Ulaya katika miaka ya 1855 na 1856. Ilikuwa na kosa kubwa, maana maziwa matatu, yaani Nyasa, Tanganyika na Nyanza, yalichorwa kama ziwa moja. Hata hivyo iliwaamsha watu. Burton na Speke walitumwa kuutafuta ukweli, na mwezi wa Januari 1857 walimtembelea Rebmann nyumbani kwake. Tarehe 3 Agosti 1858 Speke alisimama juu ya kilima upande wa Mwanza, akaliona ziwa letu.

Wakati huo Rebmann alikuwa akibaki peke yake kidogo kidogo. Krapf alikuwa ameondoka mwaka 1853 kwa sababu ya ugonjwa, na Erhardt mwaka 1855. Rebmann alikuwa ameoa huko Misri mwaka 1851. Mtoto wao alikufa angali mchanga, na mwaka 1866 mke wake naye akafa. Waliobatizwa walikuwa wachache. Wa kwanza wao, Mringe, alikuwa mtu kiwete na mgonjwa, naye alibatizwa karibu na kufa kwake.

Tena macho yake yalianza kuharibika. Yale macho yaliyoiona theluji yaliingiwa na giza, wala hakukuwa na daktari karibu wa kuyatibu. Lakini hakuiacha kazi. Alikuwa akiandika kamusi ya Kinyasa, lugha aliyojifunza kwa mtu aliyetekwa utumwani kutoka upande wa ziwa Nyasa, na neno moja lilifuata jingine mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alimkuta karibu kuwa kipofu, na bado anashughulika na kamusi zake. Hatimaye hakuona kabisa. Mkristo mmoja wa Rabai, Isaac Nyondo, akawa macho yake, akimshika mkono na kumwongoza.

Mwaka 1875, baada ya miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja, Rebmann aliondoka Afrika, na Nyondo akasafiri pamoja naye mpaka Ulaya. Alikaa Korntal, karibu na rafiki yake Krapf, akafa huko tarehe 4 Oktoba 1876. Mwaka uliofuata kamusi yake ikapigwa chapa. Krapf naye alikufa mwaka 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake kama mtu aombaye. Wote wawili walizikwa Korntal.

Wanafunzi, hatusomi popote ya kuwa Rebmann alirudishiwa macho yake. Tukidhani kwamba kila aombaye hupona, na asiyepona hana imani, tutawadhulumu wagonjwa wengi. Katika vijiji vyetu pia wako wenye kifafa, wenye ugonjwa wa siko seli, na wenye macho yaliyoharibika. Hao yawapasa waombe, na pamoja na kuomba waende hospitali na kunywa dawa, maana dawa si adui wa sala. Rebmann alimsifu Mungu chini ya mti alipoona vizuri, na katika giza hakuacha kumtumikia. Hakupewa macho mapya, bali alipewa nguvu ya kazi ya kila siku, na mkono wa Nyondo.

Basi mwenzako akiwa mgonjwa wa siku nyingi, mwombee. Kisha ukaulize ni nani atakayemchotea maji leo, na ni nani atakayemshika mkono njiani kwenda shuleni.