Yustino wa Neapolis: mwalimu aliyeamini kwa sababu ya manabii

Ukipita Jumapili asubuhi kati ya makanisa ya makazi yetu, yale ya turubai na yale ya matofali, utalisikia neno unabii mara nyingi. Aghalabu linahusu kesho: nani atapata safari, nani atapona, vita vitaisha lini. Leo tunakusimulia maisha ya mtu ambaye kwake unabii ulihusu jana. Yustino, anayeitwa pia Justin au Yustino Mfiadini, alimwamini Kristo kwa sababu ya mambo yaliyoandikwa karne nyingi kabla, ambayo kwa hesabu yake yalikuwa yameshatokea na yeyote angeweza kuyakagua. Tovuti hii si mimbari, na wasomaji wetu husali katika nyumba mbalimbali. Lakini katika maisha yake kuna mengi ambayo wewe uliyevuka mpaka utayatambua haraka.

Alizaliwa yapata mwaka 100 katika Flavia Neapolis, nchi ya Samaria, mji ambao leo unaitwa Nablus, huko Palestina. Wakati huo ulikuwa mji mpya. Kaisari Vespasian aliuanzisha mwaka 72, miaka miwili tu baada ya majeshi ya Roma kuiteketeza Yerusalemu pamoja na Hekalu lake. Baba yake aliitwa Priscus na babu yake Bacchius, na majina hayo yanakuonyesha kwamba familia haikuwa ya Kiyahudi. Yustino mwenyewe hakutahiriwa, wala hakulelewa katika Torati. Shika jambo hilo, maana vitabu vya manabii vilimfikia akiwa mtu mzima, kama mgeni anayeingia katika nyumba ya wengine.

Ujana wake aliutumia kutafuta mwalimu. Alianza na Mstoiko, akakaa naye muda mrefu, akamwacha alipoona kwamba mwalimu huyo hamjui Mungu na wala haoni haja ya kumjua. Wa pili alikuwa mfuasi wa Aristotle, aliyetaka kwanza wakubaliane karo. Yustino akaondoka akisema moyoni kwamba huyo si mwanafalsafa hata kidogo. (Mzazi yeyote wa hapa anayehangaikia ada ya shule atamwelewa.) Wa tatu, mfuasi wa Pythagoras, alimtaka asome kwanza muziki, elimu ya nyota na jometri. Mwishowe akawapata wafuasi wa Plato, na hapo alifurahi. Alidhani kwamba baada ya muda mfupi atamwona Mungu uso kwa uso.

Siku moja akaenda mahali pa upweke karibu na bahari ili atafakari. Nyuma yake alikuwa akija mzee mmoja, mpole wa sura. Yustino hakutuachia jina lake. Wakaanza kuzungumza, na mzee akawa anamhoji taratibu: mwanafalsafa anawezaje kusema habari za Mungu ambaye hajawahi kumwona wala kumsikia? Yustino akaishiwa majibu. Ndipo mzee akamwambia kwamba wako watu waliokuwapo kabla ya wanafalsafa wote, manabii, ambao hawakuhitaji kubishana kwa sababu walisema waliyoyaona na kuyasikia, na mambo waliyoyatabiri yanashuhudia kwamba walisema kweli. Kisha akamwacha aende akasome, na Yustino hakumwona tena. Anasema moto uliwaka rohoni mwake siku hiyo.

Mahali pengine anaeleza sababu nyingine. Alikuwa amewaona Wakristo wakienda kuuawa bila hofu, akajiambia kwamba watu wa namna hiyo hawawezi kuwa wale waovu wanaosimuliwa mitaani. Baada ya kuamini hakulivua joho la mwanafalsafa. Alilivaa hadi mwisho, na kwa sababu ya joho hilo alikutana na mtu ambaye, kwa maoni yangu, ndiye wa kuvutia kuliko wote katika habari hii.

Mtu huyo aliitwa Trypho. Alikuwa Myahudi, na alikuwa mkimbizi. Mwaka 132 Wayahudi waliasi tena dhidi ya Roma chini ya Bar Kokhba, na kufikia mwaka 135 uasi ulikuwa umezimwa kwa damu nyingi. Kaisari Hadrian aliwakataza Wayahudi kukanyaga Yerusalemu. Trypho alikuwa amevikimbia vita hivyo na sasa aliishi Ugiriki, zaidi Korintho. Wakristo nao waliumia: Yustino anaandika kwamba Bar Kokhba aliwaadhibu vikali wale waliokataa kumkana Kristo. Mapokeo ya zamani yanasema wawili hao walikutana Efeso. Yustino alikuwa akitembea asubuhi katika baraza yenye nguzo, Trypho akaliona joho, akamsalimu kwa heshima, na mazungumzo yakachukua siku mbili. Yustino aliyaandika miaka kama 20 baadaye, hivyo kumbuka kwamba hata maneno ya Trypho tunayapata kupitia kalamu ya mpinzani wake. Hata hivyo hakumfanya mjinga.

Hoja kuu ya Yustino ilikuwa hii. Miujiza pekee haitoshi, kwa sababu mtu anaweza kusema Yesu alikuwa mchawi, na enzi hizo waganga wa maajabu walijaa kila mji. Unabii ni jambo jingine. Uliandikwa zamani, na umo katika vitabu vinavyotunzwa na Wayahudi, watu ambao wengi wao hawakumkubali Yesu. Ukiifuata hoja hiyo utaona nguvu yake: Mkristo hawezi kushtakiwa kwamba ametunga kitabu kilichoko kabatini kwa jirani asiyekubaliana naye. Yustino akataja Mika 5, kwamba mtawala atatoka Bethlehemu. Akataja Zaburi 22, ambamo mtu anayeteswa anachomwa mikono na miguu na nguo zake zinapigiwa kura. Akataja Mwanzo 49, kwamba utawala hautaondoka Yuda mpaka aje yule anayengojewa, akiunganisha maneno hayo na Warumi kuitwaa nchi. Zaidi ya yote akataja Isaya 53, mtumishi anayedharauliwa na kuuawa kwa makosa ya wengine.

Trypho alijibu kama msomi. Kuhusu Isaya 7, alisema neno la nabii lina maana ya mwanamke kijana, si lazima bikira, na habari hiyo inamhusu mfalme Hezekia. Alikubali kwamba Masihi angeweza kuteswa. Lakini msalaba? Torati, katika Kumbukumbu la Torati 21, inamhesabu aliyetundikwa mtini kuwa amelaaniwa. Wataalamu wa Biblia hadi leo wanabishana juu ya pointi hizo hizo, na anayekuambia kwamba ni nyepesi hajazisoma.

Yustino naye aliteleza. Aliwashtaki Wayahudi kwamba walifuta katika Zaburi 96 maneno yanayosema Bwana alitawala kutoka mtini. Maneno hayo hayamo katika Kiebrania, na yanaelekea kuwa nyongeza ya Wakristo wenyewe. Aliandika pia kwamba mfalme Ptolemy wa Misri alimwomba Herode vitabu vya manabii ili vitafsiriwe, ilhali kati ya Ptolemy huyo na Herode ipo zaidi ya miaka 200. Hoja inayosema njoo ukague lazima ikubali kukaguliwa, na katika sehemu hizo yake haisimami.

Kuna jambo zito zaidi. Yustino alimwambia Trypho, mtu aliyepoteza nchi yake juzi tu, kwamba miji iliyochomwa na Yerusalemu iliyofungwa ni adhabu ya haki iliyotabiriwa. Aliona maangamizi hayo kuwa ushahidi mwingine wa Isaya. Ninaposoma kurasa hizo huwa nasita. Wewe unajua inavyouma mtu anapokuja kukueleza kwamba moto uliounguza kijiji chako ulikuwa umeandikwa, na kwamba ulistahili. Hoja za namna hiyo zilirudiwa karne kwa karne dhidi ya Wayahudi, na waliozirudia hawakuwa na upole wa Yustino. Inafaa kusema pia kwamba katika utetezi wake kwa Kaisari alikataa wazo kwamba unabii humlazimisha mtu kutenda: Mungu anajua kabla, alisema, lakini mwanadamu huchagua, na ndiyo maana anawajibika.

Trypho hakubadilika. Siku ya pili ilipokwisha alikiri kwamba wamepata faida kuliko walivyotarajia, akatamani wangekutana mara nyingi zaidi, na kwa kuwa Yustino alikuwa karibu kupanda merikebu, akamwomba awakumbuke kama marafiki. Wakaombeana heri na kuachana.

Yustino akaishia Roma. Alifungua shule katika chumba alichopanga juu ya nyumba ya kuogea, akimpokea yeyote aliyetaka kujifunza. Yapata mwaka 155 alimwandikia Kaisari Antoninus Pius na wanawe barua ndefu ya kuwatetea Wakristo, ambao waliweza kuuawa kwa jina lao tu, bila kosa lolote kuthibitishwa. Sehemu kubwa ya barua hiyo ni unabii tena, na kwa ujasiri anamwambia Kaisari akaangalie kumbukumbu za serikali yake mwenyewe: za sensa ya Quirinius kuhusu Bethlehemu, na za Pilato kuhusu msalaba.

Lakini ushahidi mmoja haukuwa wa makaratasi. Isaya 2 inasema mataifa yatafua panga zao ziwe majembe. Yustino alidai kwamba hilo limeanza: wanaume 12 wasio na elimu walitoka Yerusalemu wakiwa na neno tu, na watu waliokuwa wakiuana sasa hawauani. Wale ambao hawakuweza kukaa meko moja na mtu wa kabila jingine kwa sababu ya desturi zake sasa wanaishi pamoja na kuwaombea adui zao. Ona hatari aliyojiwekea. Zaburi 22 imeandikwa na haibadiliki, lakini ushahidi huu ulitegemea namna Wakristo wanavyoishi, na kila kizazi kinaweza kuutia nguvu au kuuvunja. Wengi wetu tunatoka nchi zenye makanisa kila kona na panga kila kona.

Katika barua hiyo hiyo alieleza ibada ya Jumapili, na maelezo yake ni kati ya ya kale kabisa tuliyo nayo. Wanasoma maandiko ya mitume au ya manabii kadiri muda unavyoruhusu, wanasali, wanashiriki mkate na divai. Kisha wenye uwezo wanatoa kwa hiari, na sadaka inawekwa kwa kiongozi, ambaye huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni wanaokaa kati yao.

Alikamatwa yapata mwaka 165, wakati Marcus Aurelius akiwa Kaisari. Alikuwa tayari ameandika kwamba mwanafalsafa mmoja aliyeitwa Crescens anamtegea. Aliyemhukumu alikuwa mkuu wa mji, Junius Rusticus, naye pia msomi, mwalimu wa falsafa wa Kaisari mwenyewe. Pamoja na Yustino waliletwa wengine 6. Mmoja, Euelpistus, alikuwa mtumwa katika nyumba ya Kaisari. Mwingine, Hierax, alieleza kwamba wazazi wake wa duniani wamekwisha kufa na kwamba aling'olewa kutoka Ikonio, nchi ya Frigia, akafika Roma.

Rusticus alimuuliza Yustino anafundisha nini na wapi. Akajibu kwamba hawezi, akiwa mwanadamu, kusema makubwa kama waliyosema manabii waliomtangaza Kristo kabla hajaja. Rusticus akamuuliza kwa kejeli kama anadhani atapanda mbinguni akikatwa kichwa. Yustino akasema hadhani, anajua. Wote walipokataa kutoa sadaka kwa miungu walipigwa viboko, wakakatwa vichwa. Baadhi ya waamini waliichukua miili kwa siri, wakaizika.