Muindi Mbingu na Ng'ombe wa Ukambani

Katika mwaka 1938 alihamishiwa Lamu, mji wetu wa pwani, mtu wa bara asiye na kosa la damu wala la wizi. Naye ni Samuel Muindi Mbingu, Mkamba wa wilaya ya Machakos, ambayo siku zile ilikuwa pamoja na nchi ya Makueni.

Ardhi ya Ukambani ilikuwa imeliwa na mmomonyoko, malisho yamekwisha. Hayo ni kweli, wala hatuyakani. Lakini Serikali ilipoamuru ng'ombe wapunguzwe kwa nguvu, wenyewe hawakusadiki. Waliona ardhi nzuri imekwisha twaliwa na walowezi, ng'ombe wao wanadiwa kwa bei duni, na huko Athi River pana kiwanda cha nyama chenye haja nao. Nasaha ikageuka shaka.

Muindi akaongoza maelfu, waume kwa wake na watoto, mpaka Nairobi kumtaka Gavana. Wakakaa majuma mengi bila ya silaha. Muindi akakamatwa, lakini haukupita muda mrefu, Serikali ikaiacha nguvu ile.

Shaka haikuondoka. Baada ya Vita vya Pili, Serikali ilipofungua makao mapya Makueni, wengi walisita kwanza, wakichelea kuwa ni ardhi ya kupewa Wazungu.

Twajifunza ya kwamba mtawala aweza kusema kweli asiaminiwe, ikiwa jana alitwaa bila ya kushauri. Dini yetu yaamrisha mashauri. Na siku ya shida si siku ya kuanza kutafuta uaminifu.