Nani Anayestahili Kuitwa Muuguzi? Maisha ya Ethel Bedford Fenwick

Kila ifikapo tarehe 12 Mei, wauguzi kote ulimwenguni huiadhimisha siku yao. Tarehe hiyo ndiyo aliyozaliwa Florence Nightingale, na wanafunzi wetu hulijua jina lake tangu shule ya msingi: bibi mwenye taa aliyewahudumia askari waliojeruhiwa katika vita vya Krimea. Jambo lisilosemwa darasani ni kwamba Baraza la Kimataifa la Wauguzi, ambalo ndilo linalosimamia maadhimisho hayo, liliasisiwa na mwanamke aliyepingana na Nightingale kwa miaka mingi. Hitilafu yao ilihusu jina. Je, jina la muuguzi ni la kila amtunzaye mgonjwa, au ni la yule tu aliyefunzwa, akatahiniwa na kuandikishwa kisheria?

Mwanamke huyo ni Ethel Gordon Manson, ambaye historia inamfahamu zaidi kwa jina la ndoa, Bibi Bedford Fenwick. Alizaliwa mwaka 1857 karibu na mji wa Elgin, Scotland. Baba yake alifariki angali mtoto mchanga, mama akaolewa tena na bwana mmoja mwenye mali aliyekuja kuwa mbunge. Hivyo Ethel alilelewa katika nyumba ya ukwasi huko Nottinghamshire, na tabaka hilo alilolelewa ndani yake halikumtoka maishani. Msomaji alikumbuke hilo, kwa maana litatufaa mbele.

Mnamo 1878, akiwa na umri wa miaka 21, aliingia katika hospitali ya watoto mjini Nottingham kama mwanagenzi. Kutoka hapo alikwenda Manchester, kisha London, alikosimamia wadi. Mwaka 1881 akateuliwa metroni wa St Bartholomew's, mojawapo ya hospitali kongwe zaidi nchini Uingereza. Alikuwa na miaka 24 tu! Humo alipandisha kiwango cha mafunzo hadi miaka mitatu, na idadi hiyo ya miaka ndiyo aliyoipigania hadi uzeeni. Alipoolewa na daktari Bedford Fenwick mwaka 1887 alijiuzulu, kama desturi za zama hizo zilivyomlazimu mke wa mtu. Hakurudi tena wadini kwa ajira. Vita vyake vyote alivipigana kutoka sebuleni kwake na kutoka mezani pa mhariri.

Ni vyema tueleze hali ilivyokuwa. Katika Uingereza ya wakati huo, yeyote aliyevaa aproni na kujiita muuguzi alikuwa muuguzi. Madaktari walikuwa na rejista yao tangu sheria ya mwaka 1858, lakini aliyekesha kando ya kitanda, akimpa mgonjwa dawa na kumfunga vidonda, hakuulizwa alikojifunza. Charles Dickens alimchora mhusika wa aina hiyo, Bi Gamp, katika riwaya yake ya Martin Chuzzlewit: mlevi, mchafu, mwenye tamaa ya senti za wafiwa. Jina la Gamp likageuka kuwa msemo wa dhihaka. Kwa upande mwingine, palikuwa na wanawake waliosota hospitalini miaka mitatu wakifanya kazi tangu alfajiri. Wote hawa, mlevi na msomi, waliitwa kwa neno lilelile, na familia yenye mgonjwa haikuwa na njia ya kuwatofautisha.

Hapa mwanaisimu hawezi kujizuia kutia neno. Jina la Kiingereza analoitwa muuguzi lilitokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kulisha, na kwa karne nyingi lilimhusu yaya na mwanamke anyonyeshaye mtoto wa mwenziwe. Lilikuwa jina la kazi ya nyumbani kabla ya kuwa jina la taaluma. Kiswahili chetu kina kisa kinachofanana na hicho. Kutokana na ugua tumepata uguza, na kutokana na uguza tukapata muuguzi. Umbo lake ni la kutendesha, ila maana yake haikuwa kamwe kumfanya mtu augue. Ni kukaa naye katika ugonjwa wake. Kwa hiyo mama anayekesha na mwanawe mwenye homa ni muuguzi kwa kanuni zote za sarufi. Isitoshe, magazeti yetu huandika kwamba majeruhi fulani anauguza majeraha, na hapo mgonjwa mwenyewe amekuwa muuguzi wake! Neno nesi, lililofika pamoja na hospitali, ndilo lililobeba dhana ya cheo tangu mwanzo, na hata hilo limelegea. Mtaani huitwa nesi kila aliyevaa koti jeupe kwenye zahanati, awe ni mfagiaji au mwenye duka la dawa.

Lugha, basi, humpa jina kila mtenda tendo. Sheria ndiyo inayotaka kulifunga jina ndani ya ua. Kwetu Kenya ua huo uliwekwa na Sheria ya Wauguzi ya mwaka 1983, ambayo ni Sura ya 257, iliyounda baraza la kuwasajili. Walakini wazo lenyewe lina historia ndefu, na Bibi Fenwick yumo katika kurasa zake za mwanzo.

Mwaka ule ule wa 1887 aliwaita wenzake nyumbani kwake London wakaunda Chama cha Wauguzi wa Uingereza. Kiini cha mzozo kilikuwa muda wa mafunzo. Chama cha wenye hospitali kilikuwa tayari kuandikisha wauguzi waliofanya kazi mwaka mmoja. Bibi Fenwick na kundi lake wakashikilia mitatu. Wenye hospitali walikuwa na sababu ya kutaka mambo yawe mepesi, kwani wanagenzi walikuwa nguvukazi rahisi sana.

Nightingale, aliyekuwa mzee na mgonjwa lakini mwenye sauti iliyosikika hadi ikulu, alisimama upande wa wapinzani. Tusimdharau, kwa maana hoja zake zilikuwa na uzito. Aliamini kwamba mtihani hupima yale yaliyokaririwa, ilhali uuguzi hutegemea tabia, na tabia haisahihishwi kwa kalamu nyekundu. Aliona pia kwamba jina likishaandikwa katika daftari hubaki humo hata mwenyewe akiharibika. Mwalimu yeyote aliyewahi kumwona mwanafunzi hodari wa mitihani akishindwa na kazi yenyewe atamwelewa.

Hata hivyo, naona Bibi Fenwick ndiye aliyekuwa na haki katika jambo hili, kwa sababu moja. Nightingale alimtazama muuguzi kwa macho ya mkuu wa chuo, ambaye anawajua wanafunzi wake mmoja mmoja. Mgonjwa hana fursa hiyo. Anapoletewa sindano, hawezi kumhoji anayeishika kuhusu tabia zake. Analo jina tu la kutegemea. Ikiwa jina hilo halimaanishi kitu, basi anatoa mkono wake kwa kubahatisha.

Chama kilipata heshima ya kifalme mwaka 1891, kikiwa chini ya Princess Christian, bintiye Malkia Victoria, na hati yake ya kifalme mwaka 1893. Lakini hati hiyo ilipotolewa, wapinzani walikuwa wamefaulu kuliondoa neno moja. Chama kiliruhusiwa kuweka orodha ya wauguzi, wala si rejista. Asiye na jicho la lugha atauliza tofauti iko wapi. Iko hapa: orodha yaweza kuandikwa na mtu yeyote, ilhali rejista ina mamlaka nyuma yake, na aliyemo anaweza kujiita msajiliwa. Kwa neno moja tu ushindi ulitoboka kama gunia.

Hakukata tamaa. Mwaka huohuo wa 1893 alikwenda Chicago kwenye maonyesho ya kimataifa na kukutana na viongozi wa wauguzi wa Marekani. Alichukua jarida la wauguzi akalifanya silaha yake, na kwa miongo mingi kalamu yake haikumsamehe adui. Mwaka 1897 aliongoza wauguzi waliokwenda Ugiriki wakati wa vita vyake na Waturuki. Mwaka 1899 akaanzisha lile Baraza la Kimataifa tulilolitaja. Wakati Uingereza ikisitasita, New Zealand ilipitisha sheria yake ya kusajili wauguzi mwaka 1901. Wakunga wa Uingereza wakapata sheria yao mwaka 1902. Kamati ya Bunge ikachunguza suala la wauguzi mnamo 1904 na 1905, ikapendekeza wasajiliwe. Serikali ikakalia kimya. Miswada ikawa inaletwa na kufa, inaletwa na kufa. Bibi Fenwick, aliyekuwa pia mtetezi wa haki ya wanawake kupiga kura, aliijua sababu mojawapo: waliokuwa wakiomba hawakuwa na kura.

Kilichobadilisha mambo ni Vita vya Kwanza vya Dunia. Maelfu ya mabinti wa kujitolea waliingia hospitalini baada ya mafunzo mafupi, na askari waliwaita wauguzi bila kubagua. Walijitoa mhanga, hilo halina shaka. Lakini wale waliofunzwa miaka mitatu waliona jina lao likigawiwa bure, wakahofia amani itakapokuja. Mwaka 1918 baadhi ya wanawake walipata kura. Desemba 1919 sheria ya kusajili wauguzi ikapita. Rejista ilipofunguliwa mwaka 1921, jina la kwanza kuandikwa, nambari 1, lilikuwa la Ethel Bedford Fenwick.

Laiti kisa kingekomea hapo kingekuwa hadithi ya shujaa. Lakini akiwa mjumbe wa baraza jipya, aliichunguza kila fomu kwa ukali uliochelewesha kazi. Wauguzi waliokuwa kazini kabla ya sheria, wengi wao wakiwa wanawake maskini waliojifunza kwa mikono, aliwatilia shaka. Hapa ndipo tabaka lake lilipomponza. Tangu awali ndoto yake ilikuwa muuguzi wa familia ya heshima anayemudu ada na muda mrefu bila mshahara wa maana, kana kwamba ustadi na ukoo ni kitu kimoja. Kudai miaka mitatu ni kumlinda mgonjwa. Kudai miaka mitatu ambayo binti wa kibarua hawezi kuilipia ni jambo jingine kabisa, na Bibi Fenwick hakuyatenganisha. Wanaume nao waliwekwa katika sehemu yao ya pembeni ya rejista, wakabaki humo hadi mwaka 1949.

Wauguzi wenyewe walimjibu. Katika uchaguzi wa kwanza wa baraza walimnyima kiti. Sheria aliyoihangaikia kwa zaidi ya miaka 30 ikaendeshwa na wengine, wakiwemo watu wa chuo cha wauguzi kilichoanzishwa mwaka 1916, ambacho hakukipenda hata chembe. Mwaka 1926 aliunda chuo chake mwenyewe, kisichofua dafu mbele ya kile cha wapinzani.

Na lile jina? Sheria ya 1919 ilikataza tu mtu asiyesajiliwa kujiita muuguzi aliyesajiliwa. Kujiita muuguzi hivihivi hakukuwa kosa. Ilibidi kungoja sheria nyingine, ya mwaka 1943, ili jina lenyewe liwekewe mipaka huko Uingereza na Wales, na hata hiyo iliwaacha nje ya katazo walezi wa watoto wachanga. Sheria hiyohiyo ilifungua daftari la pili kwa ajili ya wauguzi wasaidizi, wale ambao Bibi Fenwick asingependa kuwaona karibu na jina hilo. Alifariki Machi 1947, akiwa na umri wa miaka 90. Baadaye sheria zilipoandikwa upya kinga ya jina ilitoweka, ikabaki ile ya msajiliwa peke yake, na Mei 2025 serikali ya Uingereza ikatangaza nia ya kuirejesha.