Karl Schmidt: Bingwa wa nyoka aliyeandika saa zake za mwisho

SEPTEMBA 25, 1957, katika jumba la makumbusho mjini Chicago, Marekani, Karl Patterson Schmidt alimshika nyoka mchanga aliyeletwa kutoka bustani ya wanyama ili amtambue. Alifanana na boomslang, nyoka wa mitini wa Afrika, ambaye hata Afrika Mashariki yupo. Lakini gamba moja karibu na mkia lilimtia shaka. Akiwa katika kulichunguza, akaumwa kidole gumba cha kushoto.

Schmidt, aliyezaliwa Illinois mwaka 1890, hakuwa mgeni wa nyoka wa Afrika. Maandishi yake kuhusu watambaazi wa Kongo yalichapishwa mwaka 1919 na 1923, na aliongoza idara ya zoolojia ya jumba hilo hadi alipostaafu mwaka 1955.

Hakwenda hospitali. Ni jino moja tu lililozama, tena nyoka alikuwa mdogo. Alipanda treni kurudi nyumbani, akashikwa na kichefuchefu, kisha baridi na homa. Jioni fizi zilianza kutoa damu. Yote hayo aliyaandika, pamoja na saa. Usiku mkojo wake ulikuwa na damu, lakini asubuhi alikula kifungua kinywa na kuamini kwamba amepona. Alasiri ya Septemba 26 alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 67.

Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa damu ilikuwa imevuja katika mapafu, figo, moyo na ubongo. Sumu ya boomslang huichochea damu igande ovyo ndani ya mishipa, hadi protini za kugandisha, hasa fibrinojeni, zinapokwisha. Hapo damu haigandi tena, na jeraha dogo kabisa huendelea kuvuja. Kwa kuwa madhara huchelewa, aliyeumwa hujiona mzima.

Wapo wanaosimulia kwamba alikataa tiba kwa ajili ya sayansi. Maandishi yake hayaonyeshi hivyo. Yanaonyesha mtu aliyedhani kesho atakuwa kazini.

Tiba ni dawa maalumu ya kupinga sumu ya nyoka huyo, itengenezwayo Afrika Kusini. Ile ya kawaida, inayotibu sumu za nyoka wengi, haimfai aliyeumwa na boomslang. Kumwongezea damu pekee hakutoshi, kwani sumu huendelea kula protini mpya.

Maandishi hayo yalichapishwa mwaka 1958 na Clifford Pope, bingwa mwenzake wa nyoka.