Shaaban Robert: Karani Aliyetuachia Nchi ya Angani

Ndugu wanachama na wasomaji wetu, kila Disemba 9 tunapokutana hapa ugenini kuadhimisha uhuru wa Tanganyika, huwa tunawakumbuka waliohutubia mikutano, waliozunguka nchi nzima kuandikisha wanachama na waliokwenda Umoja wa Mataifa kudai haki yetu. Ni sawa na ni wajibu. Lakini mwaka huu kamati ya jarida imeona tumkumbuke mtu ambaye kazi yake aliifanya kwa kalamu, usiku, baada ya kutoka ofisini. Huyo ni Sheikh Shaaban Robert.

Alizaliwa Januari 1, 1909, katika kijiji cha Vibambani, jirani na mji wa Tanga. Nchi ilikuwa bado chini ya Wajerumani. Asili ya wazazi wake ilikuwa Uyao, lakini yeye alikulia pwani, akajihesabu Mswahili na akaishi Mwislamu. Jina la Robert limewashangaza wengi, na hata vijana wetu hapa hutuuliza kama alikuwa Mzungu. Hakuwa. Katika vitabu vyake vya awali jina lake liliandikwa Shaaban bin Robert.

Alisoma shule Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926. Wakati huo Waingereza walikwisha kuwapokea Wajerumani utawala, na kijana Mwafrika aliyejua kusoma na kuandika vizuri alikuwa na njia moja iliyonyooka, nayo ni ukarani wa serikali. Shaaban akaifuata. Mwaka 1926 aliingia idara ya forodha, akafanya kazi huko hadi 1944, na Pangani ni miongoni mwa vituo alivyotumikia. Kisha alihamishiwa Mpwapwa, idara ya mifugo, mbali na bahari na mbali na jamaa zake. Mwaka 1946 alirudi Tanga, akawa katika ofisi ya jimbo, na tangu 1952 hadi 1960 alikuwa ofisi ya upimaji ardhi.

Kwa hiyo zaidi ya miaka 30 mtu huyu alikula mshahara wa serikali ya kikoloni. Tunalisema hili bila kumlaumu, kwa sababu ndilo linalofanya maandishi yake yawe na uzito. Alikaa mahali ambapo karani hukaa, kati ya mkubwa anayetoa amri na mwananchi anayesimama dirishani na barua yake ya maombi. Aliona faili linavyokwenda na linavyokwama. Aliona pia jinsi mtu mwenye cheo kidogo anavyoweza kuwa mkali kuliko aliyempa cheo.

Nyumbani alipata furaha na misiba. Mkewe Amina alifariki mapema, na shairi alilomwandikia linajulikana na kila aliyepita shule za Tanzania. Maisha yake aliyaandika mwenyewe katika sehemu mbili, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Aliandika pia wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar aliyetoka katika umaskini akawa sauti ya watu wake. Alitunga tenzi, insha na mashairi, akatafsiri beti za Omar Khayyam, na akatoa hadithi ya Adili na Nduguze mwaka 1952.

Lakini kitabu tunachotaka kukizungumza leo ni Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951. Kilichapishwa na kampuni ya Thomas Nelson ya London, ndani ya nchi hii hii tunayoishi sisi sasa.

Kusadikika ni nchi iliyo angani. Haimo katika ramani yoyote, na msomaji anaweza kudhani anasoma hadithi ya watoto. Ina mfalme anayeitwa Jeta na waziri anayeitwa Majivuno. Kijana mmoja, Karama, anashitakiwa na waziri huyo mbele ya mfalme na baraza. Kosa lake ni kufundisha watu uwanasheria, yaani elimu ya kujua sheria na kuitumia kujitetea. Katika nchi ile mtu akishitakiwa hana la kusema, kwa hiyo anayewafundisha watu kusema anahesabiwa mhalifu.

Karama anapewa nafasi ya kujitetea. Hatukani mtu. Anachofanya ni kulikumbusha baraza habari za wajumbe sita ambao Kusadikika yenyewe iliwatuma zamani: wanne katika pande nne za dunia, mmoja mbinguni na mmoja ardhini. Walikwenda kwa shida, wakajifunza mambo ya nchi za wenzao, wakarudi na mashauri ya kuifaa nchi yao. Malipo yao yalikuwa gereza. Kila mjumbe aliyerudi na jambo jipya alionekana mchochezi, na kila shauri lililogusa raha ya wakubwa liliitwa uongo. Karama anawataja mmoja mmoja, na kadiri anavyoendelea, baraza linaanza kuona kwamba anayehukumiwa siku hizo ni baraza lenyewe. Mwishoni Karama anaachiliwa na waliofungwa wanafunguliwa.

Wasomaji wengi wamekiona kitabu hiki kuwa kioo cha utawala wa kikoloni, na hatuoni sababu ya kuwapinga. Mwaka 1951 Mwafrika wa Tanganyika hakuwa na kura, na karani wa serikali hakuweza kusimama sokoni akasema wakubwa wake ni madhalimu. Aliweza, hata hivyo, kusema kwamba iko nchi angani yenye waziri aitwaye Majivuno. Wahenga wetu walifanya hivyo hivyo kwa ngano za sungura na fisi. Mkubwa akisikia hucheka, na akicheka amekwisha kukiri.

Lakini tukikiacha kitabu hapo, tutakuwa tumejipendelea. Shaaban hakumpa Majivuno rangi wala kabila. Alimpa tabia tu. Ugonjwa aliouandika ni wa madaraka yasiyoulizwa, na ugonjwa huo hauondoki kwa kubadilisha bendera. Katika Kufikirika, riwaya aliyoiandika miaka ya 1940 na iliyochapishwa baada ya kufa kwake, anarudi tena kwa mfalme ambaye haja zake zinageuka mzigo wa nchi nzima.

Aliuona uhuru. Bendera ya Muingereza ilishuka Disemba 9, 1961, na yeye alikuwa hai. Hakupewa muda mrefu. Alifariki Juni 1962, miezi sita tu baadaye, akiwa na umri wa miaka 53. Alikuwa amepata tuzo ya ukumbusho ya Margaret Wrong na nishani ya Uingereza ya MBE, lakini miswada yake mingi ilikuwa bado haijachapishwa.

Sasa tuzungumze yetu. Sisi tunaoishi nje tunajipenda tukisoma habari za wale wajumbe sita, kwa sababu tunajiona sisi. Tumetoka, tumeona, na tukirudi likizo na maoni tunaambiwa tumesahau nyumbani. Malalamiko hayo yana ukweli wake. Lakini tukumbuke mkutano wetu mkuu wa mwaka jana. Mwanachama mmoja kijana alisimama akauliza, kwa adabu kabisa, fedha za rambirambi zilizobaki zimewekwa wapi. Tulimzomea. Wengine tulisema anatumwa, wengine tulisema ni mgeni katika chama na hajui taratibu. Hesabu zilisomwa miezi miwili baadaye na zilikuwa sahihi, kwa hiyo hapakuwa na sababu yoyote ya kumnyima jibu siku ile. Yeye hajaja tena mkutanoni.

Tunaliandika hili kwa niaba ya kamati nzima, tukiwemo sisi tuliokaa meza ya mbele siku ile. Siku hiyo hapakuwa na mkoloni ukumbini. Palikuwa na sisi, chai, maandazi na bendera yetu ukutani, na Majivuno alipata kiti.

Kijana yule tumempigia simu na kumwomba radhi. Ameahidi kuja kwenye sherehe ya mwaka huu. Pia tumeamua kwamba hesabu za chama zitabandikwa ukutani kila mkutano, mtu asilazimike kuuliza. Na kwa wazazi: katika meza ya vitabu patakuwa na nakala chache za Kusadikika. Kitabu chenyewe ni chembamba. Kisomeni na watoto jioni, hata kama Kiswahili chao kinachechemea, na wakiwauliza nchi hiyo iko wapi, msiwe wepesi kuwajibu kwamba iko angani.

Mungu amrehemu Sheikh Shaaban, na atujalie sherehe njema za uhuru.