Grace Hopper, Mwanamaji wa Kompyuta

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kutoka Palma hadi Mocímboa da Praia, aijuaye bahari hangoji kufika kilindini ndipo akague mbao za chombo chake. Askari naye hukagua silaha kabla ya kwenda doria. Desturi hiyo ndiyo imfaayo kijana anayeanza kuandika programu za kompyuta, na maisha ya marehemu Grace Hopper yanatuonyesha sababu.

Alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1906, akapata shahada ya juu kabisa ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto alijitolea kuingia Jeshi la Wanamaji. Ingawa uzito wake ulipungua kanuni, alipokelewa mwaka 1943. Alipohitimu mafunzo ya uafisa alipangiwa kazi kwenye kompyuta ya Mark I katika Chuo Kikuu cha Harvard, iliyopiga hesabu za jeshi, zikiwamo za masafa ya mizinga. Katika hesabu za namna hiyo, tarakimu moja ikikosewa, mzinga hukosa shabaha.

Yeye na wenzake waliweka madaftari ya vipande vya programu vilivyokwisha kuthibitishwa, wakavinakili kila vilipohitajika. Kunakili kwa mkono kukaleta makosa. Ndipo mwaka 1952 akaunda A-0, programu iliyoifanya mashine yenyewe iunganishe vipande. Baadaye, akiwa jeshini, alisimamia majaribio ya kupima iwapo programu za kufasiri lugha ya COBOL, zilizotoka kwa watengenezaji mbalimbali, zilitoa majibu yaliyotakiwa.

Mwanafunzi na aige. Chukua kipande kimoja kidogo, tuseme kinachokokotoa mchele wa kikosi: askari 10, kila mmoja nusu kilo. Andika kwanza jibu unalolitarajia, kilo 5. Kisha andika jaribio fupi linalokiendesha kipande hicho peke yake na kulinganisha majibu. Jaribu pia askari 0, na idadi isiyowezekana, yaani chini ya sifuri. Jaribio usilitupe: lirudie kila ubadilishapo programu, maana rekebisho la leo laweza kuharibu kilichokuwa kizima jana.

Hopper alistaafu mwaka 1986 akiwa na cheo cha ngazi ya admirali na umri wa miaka 79. Alifariki tarehe 1 Januari, 1992, akazikwa Arlington kwa heshima za kijeshi. Funzo lake limebaki: kosa na likamatwe lingali dogo.