Mwalimu Germain na Yatima wa Belcourt

Wenzangu tuliopita shule hii, nanyi wadogo zetu mliomo madarasani sasa, naomba niwasimulie habari za Albert Camus, mwandishi aliyezaliwa katika bara letu hili, mjini Mondovi, Algeria, mwaka 1913, nchi hiyo ilipokuwa chini ya Wafaransa. Vitabu vyake mtavikuta maktaba. Mimi navutwa zaidi na utoto wake.

Baba yake alikufa kwa majeraha ya vita mwaka 1914, mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Mama hakujua kusoma, masikio yake yalikuwa mazito, na riziki aliipata kwa kusafisha nyumba za watu. Walikaa mtaa wa Belcourt, jijini Algiers, katika vyumba vitatu visivyo na umeme wala bomba, pamoja na bibi mzaa mama, aliyeshika amri ya nyumba na kiboko pia.

Mwaka 1923 Camus aliingia darasa la Mwalimu Louis Germain, ambaye naye alikuwa amepigana katika vita ile ile. Msidhani alikuwa mtu laini. Katika riwaya yake ya mwisho Camus amemchora mwalimu wa mfano wake, mwenye rula nene ya kuchapia. Lakini mwalimu huyo huyo anawahesabu yatima wa vita kuwa deni aliloachiwa na wenziwe waliokufa, na wanafunzi wake, watoto wa kimaskini, wanajiona darasani kuwa ni watu wanaostahili kuambiwa habari za dunia.

Ulipofika wakati wa mtihani wa kupata nafasi ya sekondari kwa msaada wa serikali, bibi alikataa. Nyumba ilihitaji mshahara. Mtoto akajifunze kazi. Germain hakuishia kusikitika. Alimfundisha Camus na wenzake wachache saa mbili za ziada kila siku bila malipo, kisha akaenda mwenyewe nyumbani kumsihi yule bibi mpaka akakubali. Mwaka 1924 mtoto akafaulu. Miaka mingi serikalini nimeshika mafaili yenye alama za wanafunzi, na sijaona fomu yenye nafasi ya kuandika safari kama ile.

Haki itendeke lakini: watoto wengi wa Kiarabu na Kiberiberi wa Algeria ya siku zile hawakupata hata dawati, sembuse mwalimu wa kuwaombea.

Huko sekondari Camus akawa golikipa hodari, hata mwaka 1930 alipoangushwa na kifua kikuu. Mwalimu wake wa falsafa, Jean Grenier, alikwenda kumtazama nyumbani, Belcourt. Yaliyofuata yanajulikana: uandishi wa magazeti, riwaya, na mwaka 1957 Tuzo ya Nobel ya fasihi, akiwa hajapita sana miaka 40. Novemba mwaka huo alimwandikia Germain kumshukuru, akimweleza kwamba baada ya mama yake, aliyemkumbuka ni yeye. Hotuba za Sweden zilipochapwa, alizitabaruku kwa mwalimu huyo wa shule ya msingi.

Germain naye alimwandikia mwaka 1959. Alimweleza kwamba siku zile hakujua hali halisi ya nyumba ile, kwa jinsi mtoto alivyokuwa mchangamfu darasani. Alianza kuhisi siku mama alipokuja shuleni kwa habari ya mtihani. Na alijivunia jambo moja: kwamba hakuwalazimisha watoto fikra zake, bali aliwaachia watafute ukweli wao wenyewe.

Januari 1960 Camus alifariki katika ajali ya gari, Ufaransa. Katika mkoba wake palikutwa mswada wa riwaya ile, uliochapwa mwaka 1994 pamoja na barua za wawili hao. Mwalimu wa riwayani amepewa jina la kubuni, Bernard, ila mahali fulani mwandishi amejisahau, kalamu ikaandika Germain.